Nguzo Tatu za Chuma

Kibiti, Alhamisi, tarehe 3 Agosti 1905

Yarabi! Barua kutoka ofisi ya simu. Rupia thelathini na tano, gharama za kutengeneza waya! Mwezi uliopita tembo alijikuna kwenye nguzo, waya ukakatika. Kibiti nzima tuliona kinyesi chake. Mafundi wakaja, wakasimamisha nguzo, wakala kuku wetu wawili, wakaenda zao. Leo wanadai. Tena wameandika: nguzo tatu za chuma. Za chuma! Nguzo zile ni boriti za mkoko. Kakata Sadala wa Maparoni, na jina lake nimeliandika daftarini kwa mkono wangu.

Nikamsomea Akida Abdulkarimu. Alisikiliza huku anakunywa kahawa. Kisha akasema karani wake ni mimi, kalamu ni yangu, kwa hiyo na waya ni wangu. Na kwa kuwa nimeweka mahari yangu kwenye kasha lake, hakuna haja ya kutafuta fedha mbali.

Mahari yangu ni rupia thelathini na tano. Kamili! Mzee Bashiru, baba wa mchumba wangu, anaingojea mwisho wa mwezi. Isipofika, Mwanaharusi ataozwa mtu mwingine. Nimewaandikia wa simu malalamiko, kurasa nne, mwandiko wa shuleni Tanga. Tarishi ameondoka nayo.

Jumamosi, tarehe 5

Jibu limekuja. Mstari mmoja. Karani alete ushahidi, la sivyo alipe. Kurasa zangu nne zimerudi, zimefungiwa tumbaku.

Habari za kusini ni mbaya. Watu wa Umatumbi wameng'oa pamba ya serikali. Wanakunywa maji ya dawa na kusema risasi haziwapati. Akida amemtandika punda tangu asubuhi. Anasema anamzoeza.

Jumatatu, tarehe 7

Sijui niandikeje.

Nilimwita Sadala aje ashuhudie. Akaja na furushi la samaki wakavu. Akasema kila mkata mikoko wa delta huchonga alama yake kwenye boriti, chini kabisa, upande wa shina. Alama yake ni mikato miwili na nukta. Basi alama ipo, ila imo ardhini. Nikachukua jembe.

Sadala akasema, "Bwana karani, itie mhimili kwanza." Nikamwambia nimesoma jiometri miaka miwili. Nikachimba. Alama ikaonekana, mikato miwili na nukta, safi kabisa! Nikapiga kelele za furaha. Nguzo ikainama. Ikavuta mwenzake. Waya ukalia tiiii, ukakatika.

Sadala akatazama juu, akatazama chini. "Ushahidi umeupata," akasema. "Mimi narudi Maparoni. Hujaniona." Samaki kawaacha.

Watu wakatoka mashambani. Wakamkuta karani wa serikali na jembe, nguzo mbili chini, waya umekatika. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akanisogelea, akaninong'oneza, "Hata wewe, mwanangu? Umeyanywa lini yale maji?"

Jumatano, tarehe 9

Ninaheshimiwa! Inatisha. Jana nimeletewa mkungu wa ndizi na jogoo. Mzee Bashiru, ambaye siku zote huniita "yule wa kalamu", amenishika mkono na kuniita mkwe. Mwanaharusi amemtuma shangazi yake, Mwantum, aniambie hivi: amesikia kwamba mimi ni shujaa, naye haamini hata kidogo. Anamjua mtu aliyekimbia kenge.

Nimepata hila. Kumbe nilikosea tangu mwanzo kuandika kwa adabu. Karani wa simu kule bomani ni Maneno, Mnyamwezi, mtani wangu! Mwaka jana, kwenye msiba wa babu, alilala juu ya jeneza akakataa kuondoka mpaka tumlipe. Mtani hamnyimi mtani. Ila ukimwandikia kwa heshima atadhani unaumwa.

Basi nimemwandikia kwa utani:

"Ewe mtumwa wangu mbeba pembe. Waya wenu tumeukata, na maji tumekunywa mpaka tumecheua. Futa deni lile, la sivyo tunakuja huko bomani kukutoa kichwa. Ngozi yako tutawambia ngoma. Humu nimekutilia kipande cha waya, ujifunge kiuno usije ukakimbia uchi. Mimi bwana wako, Tamimu wa Kibiti."

Chini nikachora alama ya Sadala, ndio ushahidi. Nilicheka mpaka machozi. Tarishi ameondoka mbio.

Ijumaa, tarehe 11

Nimekwisha.

Tarishi amerudi bila mkoba, amevimba shavu. Tangu vita vianze, kila barua inafunguliwa na kusomwa mbele ya Bwana Mkubwa. Yangu imesomwa neno kwa neno. Mkalimani alipofika kwenye ngoma alirudia mara mbili. Kipande cha waya kimezungushwa mezani, kila mtu akakishika. Alama ya Sadala wanasema ni alama ya siri ya waasi. Na Maneno hakuwepo! Ametoka kufuata waya ili ajue umekatikia wapi.

Akida amepanda punda, hakuaga. Kasha kaliacha, ufunguo kaondoka nao.

Nimeswali mara saba. Nimefikiria kukimbilia Mbwara, lakini sina ndugu huko, na njia ina simba.

Jumamosi, tarehe 12

Askari wanane na ombasha anayewaamuru, Msudani mwenye makovu. Wakanifunga mikono kwa waya uleule. Ombasha akauliza mti mrefu kuliko yote uko wapi. Watu wote wa Kibiti wakatazama miguu yao. Mwanaharusi peke yake alinitazama mimi. Analia au anacheka, sikuona vizuri.

Hapo akatokea Maneno, vumbi mpaka nyusi. Alikutana na askari njiani, barua wakamwonyesha. Akanitazama nilivyofungwa. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyu?" akamwambia ombasha. "Huyu hawezi kuasi hata mbu. Huyu ni mtani wangu!"

Ombasha hakuelewa. Kwao mtu akisema atakukata kichwa, anakukata. Maneno akasema ngoja nikuonyeshe. Akanivua kofia akaivaa. Akaingia nyumbani kwangu, akatoka na jogoo, akamchinja mlangoni, damu ikamwagika kwenye kanzu yangu ya Ijumaa. Akaniita tumbili wa mpunga. Mwantum akapiga kigelegele. Hakuna aliyemzuia, na mimi nikamwambia manyoya anyonyoe mwenyewe. Ombasha akatutazama mmoja mmoja. Akasema mwizi wa mchana, na mwenye mali anamcheka. Basi hii ni nchi ya wendawazimu, na wendawazimu hawanyongwi.

Nikafunguliwa. Maneno akaiona alama ya Sadala shimoni, akafuta "chuma" kwenye barua ya deni akaandika "mkoko". Deni likashuka kutoka thelathini na tano hadi sita. Nimeshinda!

Jumatatu, tarehe 14

Barua mpya. Gharama za kuwatoa askari wanane na ombasha, siku mbili, chakula chao, soli za viatu, na nguzo mbili zilizoangushwa na karani. Rupia arobaini na moja. Pamoja na zile sita, arobaini na saba!

Akida amerudi. Ufunguo umerudi naye. Mzee Bashiru kanirudisha kuwa "yule wa kalamu". Mwanaharusi ametuma neno: siku kumi na saba zimebaki, na nisiguse karatasi, wallahi, nisiguse.

Amenionea huruma, maskini. Haelewi mambo ya ofisi. Anayethibitisha gharama za askari si Maneno, ni ombasha. Kwa Maneno utani umenipunguzia rupia ishirini na tisa kwa barua moja tu. Kweli, Wasudani hatuna utani nao, lakini kila utani ulianzishwa na mtu.

Nimemaliza barua ya ombasha sasa hivi. Nimeanza na mama yake. Kipande cha waya nimekitia, safari hii kirefu zaidi.