Kutafuta Timu Dhaifu Kuliko Yetu

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeitwa na rais wa chuo. Dk. Haverkamp hakunikaribisha kiti. Akasema timu yetu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, imefungwa mechi kumi na tisa mfululizo, na kwamba yeye ana subira lakini kuhesabu pia anajua. Tushinde mechi moja kabla ligi haijaanza mwishoni mwa Septemba. La sivyo timu inavunjwa na uwanja wanapewa watu wa Kilimo wapande soya.

Nikadhani ananitisha tu. Nikachungulia dirishani. Mkuu wa Idara ya Kilimo alikuwa katikati ya uwanja, ana futi kamba na kopo la udongo.

Kazi yangu hapa Chuo cha Tallow Creek, Iowa, ni kupanga ratiba ya mechi. Mwaka wa ishirini na tatu huu. Hakuna timu, hakuna ratiba. Hakuna ratiba, hakuna Wendell Krupicka. Nina miaka hamsini na sita na sijui kazi nyingine. Niliwahi kuuza mashine za kukatia nyasi. Niliuza mbili, zote kwa mke wangu.

Kabla ya ligi tuna mechi mbili za nje ya ligi, ambazo wapinzani tunajichagulia wenyewe. Tarehe 6 Septemba tunakwenda kwa Kittredge, chuo cha wanafunzi elfu thelathini, wachezaji wao ukubwa wa makabati. Hiyo haikuwa akili yangu. Ni Marlys Oftedahl wa tiketi, alisaini mkataba mimi nikiwa nimelazwa na mawe ya figo. Tarehe 13 iko wazi, waliokuwa waje wamejitoa jana. Hapo ndipo pa kuponea. Nitatafuta timu dhaifu kuliko sisi. Haiwezekani ikakosekana. Nchi kubwa hii.

Jumatano, 20 Agosti

Nimechora jedwali. Vyuo mia mbili na kumi. Wamefungwa mara ngapi, wachezaji wana kilo ngapi, kocha ana furaha au hana. Hiyo ya mwisho naisoma kwenye picha.

Marlys akapita na kahawa yake, akainama kuangalia. Akaniambia, Wendell baba, hata ukimfunga huyo mgonjwa wako, nani atajua? Kwake yeye dawa ni kucheza na wakubwa: vijana wapate cha kusimulia, watu wajue Tallow Creek ipo. Nikamjibu watu wanajua ipo, ndiyo shida yenyewe.

Lakini swali lake limenikaa kichwani kutwa nzima. Je, mtu hujifunza kitu kwa kupigwa? Nataka kujua kweli. Nikamfuata kocha Stubblefield. Akasema ndiyo, kwa wakali vijana hujifunza. Nikauliza wanajifunza nini. Akafunga kamba za kiatu, akazifungua, akazifunga tena. Akasema: kuanguka vizuri.

Nikamuuliza na Lonnie Brandsgaard, mchezaji wetu wa kukimbia na mpira, nimemkuta anakula hindi la nne. Akasema kwao shambani kuna fahali aliyembwaga akiwa na miaka tisa. Tangu siku hiyo ndama hawamtishi tena. Nikaandika: "Ndama." Sikuona inahusianaje na ratiba.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimewapata! Chuo cha Mtakatifu Odilo, South Dakota. Chuo kinachoendeshwa na watawa wa kiume. Wamefungwa mechi ishirini na mbili. Kwenye picha kocha wao amefumba macho.

Nimempigia anayepanga ratiba yao, mtawa mmoja, Bruda Anselm. Sikumaliza hata sentensi. Alikubali nikiwa bado nasema "ningependa". Mtu mpole sana. Akaomba kwa unyenyekevu kama tungeweza kwenda kwao. Nikasema bila shaka, uwanja wetu unapimwa. Akaomba pia mapumziko yawe marefu kidogo siku hiyo, kuna jambo dogo la malkia. Nikadhani ni jina la bendi. Nikasaini.

Ishirini na mbili! Nimelala mchana kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Jumamosi, 23 Agosti

Leo nilimpelekea Marlys mkataba makusudi, nikauweka juu ya tiketi zake. Nikamwambia hivi ndivyo watu wenye akili wanavyopanga.

Akausoma. Akauliza kama nimeangalia kalenda yao. Kalenda ya nini? Akanigeuzia kompyuta. Tarehe 13 Septemba, Mtakatifu Odilo wana Sherehe ya Kurudi Nyumbani. Wahitimu wote wanarudi, gwaride, bendi ya tarumbeta, kumvika taji mwanafunzi aliyechaguliwa malkia wa siku.

Nikakaa chini. Hakuna mtu wa kazi hii asiyejua maana yake. Siku hiyo wazee wametoka mbali, wamevaa koti za chuo, hawataki kuona timu yao inafungwa. Kwa hiyo unawatafutia mgeni ambaye hata bibi zao wanaweza kumfunga. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara ishirini na tatu. Unamkaribisha kama bata mzinga anavyokaribishwa mezani.

Marlys hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka. Alinisukumia andazi lake.

Jumanne, 26 Agosti

Kocha amebandika tangazo la sherehe yao kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Juu yake ameandika kwa mkono: HAWA WAMETUALIKA TUFUNGWE. Vijana wamelisoma kimya. Lonnie amelisoma mara mbili. Mazoezi ya leo yamevunja nguzo moja.

Mimi nina wasiwasi mwingine. Kabla ya watawa kuna Kittredge, na makabati yale yatatuvunjia vijana wote. Nikamshauri kocha wachezaji wazuri wabaki nyumbani tarehe 6, twende na wale wengine. Akaniuliza wale wengine ni akina nani. Hoja yake ilikuwa na nguvu. Jumla tunao thelathini na wanane, mmoja ni mpiga picha.

Nikawajaribu vijana wenyewe. Lonnie akasema hathubutu kukosa, mama yake ameshanunua kofia. Akaongeza, mzee Krupicka, nikiwa na miaka sabini nitawaambia wajukuu nimekanyagwa na Kittredge. Nikikanyagwa na Odilo nitawaambia nini?

Swali zuri. Nikaliandika chini ya "Ndama."

Ijumaa, 29 Agosti

Nimepiga simu Kittredge. Nimeomba kiungwana, mtu mzima kwa mtu mzima, kama wangeweza kucheza taratibu. Bwana aliyepokea akaomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba nisubiri kidogo, kisha akanitaka nirudie tena, polepole, maana ofisi nzima imekuja kusikiliza.

Hawatacheza taratibu.

Jumamosi, 6 Septemba

Kittredge 66, Tallow Creek 7.

Naandika ndani ya basi. Watu elfu arobaini uwanjani. Kwetu mji mzima haufiki elfu sita, na mabasi matatu yalijaa. Marlys ndiye aliyeuza viti, hata mkuu wa Kilimo alinunua.

Kipindi cha kwanza nilikiangalia kupitia vidole. Kila mara vijana wetu wakiangushwa, nilihesabu wanaoinuka. Ajabu ni kwamba waliinuka. Mara ya kwanza taratibu, baadaye haraka zaidi. Kufika robo ya tatu ya mechi walikuwa wanaangushwa na kusimama kabla vumbi halijatulia. Kumbe kocha alikuwa anasema kweli.

Kisha mpira ukamponyoka mmoja wa makabati. Lonnie akauokota. Nikangoja akimbilie upande wetu, maana mwaka jana alifanya hivyo. Akakimbilia upande wao. Yadi themanini. Yule wa mwisho alimkamata jezi, Lonnie akaendelea kwenda na nusu ya jezi. Akavuka mstari wa mwisho. Pointi sita, na teke likaongeza ya saba.

Mama yake alirusha kofia na haijaonekana tena. Mashabiki wa Kittredge walisimama wakampigia makofi, wote elfu arobaini. Nililia. Marlys alilia. Tulikumbatiana, halafu tukakumbuka sisi ni akina nani tukaachana.

Jumatano, 10 Septemba

Vijana wana plasta kila mahali na wanatembea kifua mbele. Lakini wanne wanachechemea. Jana jioni nikapata wazo. Watawa wakidhani tumekwisha kabisa, watalegea. Nikaandika kwenye ukurasa wa chuo: wachezaji kumi na saba wameumia vibaya Kittredge. Nikaweka majina. Nikamtia na kocha.

Kufika saa tatu asubuhi leo simu zote za ofisi zilikuwa zinalia. Wazazi. Mama Brandsgaard alifika mwenyewe na trekta. Marlys amepokea simu mpaka jioni, na kila aliyepiga alimpa jina langu na ninapokaa. Dk. Haverkamp amenitumia ujumbe wa neno moja: "Futa."

Jioni kifurushi kikaja kwa gari la haraka kutoka kwa watawa. Kadi kumi na saba za kuwaombea wagonjwa, kila moja imeandikwa kwa mkono, na mtungi wa asali. Kocha ameipenda ya kwake.

Jumamosi, 13 Septemba

Niandike kwa utaratibu.

Tulipofika Odilo gwaride lilikuwa linapita. Malkia juu ya gari la mahindi, wahitimu wa mwaka sabini na tano wanapunga mikono. Wakatupungia na sisi, kwa huruma. Bruda Anselm akaja kutupokea. Kanzu nyeusi, miwani, chini ya kwapa ana daftari. Nikauliza la nini. Akaona haya, akafunua. Jedwali! Vyuo mia mbili, wamefungwa mara ngapi, uzito wa wachezaji. Yeye ameongeza na safu ya kama mwenzio anapokea simu haraka. Namba moja kwa udhaifu nchi nzima: Tallow Creek. Mwezi mzima alikuwa anamwomba Mungu ampe sisi, akasema, ndipo mimi nikapiga.

Nilimwonyesha langu. Tulikaa kwenye ngazi tukalinganisha safu kwa safu, tukasahau mechi imeanza. Sijawahi kukutana na mtu anayenielewa hivyo. Tulibishana kidogo kuhusu uzito.

Kelele ndizo zilizotuinua. Vijana wetu walikuwa wanawapita wale wa Odilo kana kwamba wamesimama. Baadaye Lonnie aliniambia ilikuwa ajabu: kila aliyekuja kumkamata yeye alimwona tangu mbali, akapata muda wa kufikiri, hata wa kumwonea huruma. Baada ya Kittredge, akasema, hawa wanagusa tu.

Odilo 10, Tallow Creek 20. Tumeshinda. Naandika tena: tumeshinda. Bendi yao ilikuwa imejiandaa kwa wimbo wa ushindi peke yake, kwa hiyo haikupiga kitu. Malkia alivua taji akalishika mkononi. Nilimwonea huruma Bruda, akanipa mkono akaniuliza kwa dhati kama ningependa nakala ya jedwali lake.

Jumatatu, 15 Septemba

Dk. Haverkamp amenikaribisha kiti. Soya itakaa ghalani. Mkuu wa Kilimo amerudisha udongo wake mahali pale pale alipoutoa, nimemwona.

Rais, aliyekuwa amewaita na kocha, Lonnie na Marlys, akataka kujua tumeshindaje. Kocha akasema Kittredge ndiyo iliyowakomaza vijana. Lonnie akasema hivyo hivyo. Marlys alikunywa kahawa tu, na alikuwa na haki. Rais akanigeukia, akauliza mwakani nitapanga na wakubwa au na wadogo.

Niliwasikiliza wote kwa heshima. Ni watu wazuri, lakini hawajui takwimu. Kilichotuokoa ni jedwali. Nilitafuta dhaifu, nikampata, akafungwa. Kittredge ilitupotezea wiki na kofia moja.

Basi jioni nikakaa kulisahihisha kwa ajili ya mwakani. Nimeongeza safu mpya ya kisayansi kabisa: nani ameruhusu Tallow Creek kupata pointi mwaka huu? Timu inayofungwa na sisi haiwezi kuwa nzima. Majibu ni mawili tu. Odilo, lakini hao sasa wana hasira, ni hatari. Mwingine ni Kittredge. Wameruhusu saba, kwao, mbele ya watu elfu arobaini, kwa kijana aliyevaa nusu ya jezi. Nashangaa hakuna mwenzangu nchi nzima aliyeliona hilo.

Nikapiga simu haraka kabla wengine hawajastuka. Nimesaini nao miaka minne mfululizo, mechi ya kwanza ya kila msimu. Nikamweleza Marlys sababu. Akaweka kikombe chini, akasema umefanya vizuri sana, Wendell, ila sababu usimwambie mtu.

Hata Kittredge wenyewe hawakubisha, walikubali kabla sijasema tarehe. Maskini, naona na wao wameshajijua.