Mkono wa Mama Mkwe Chini ya Hadubini

Jumatatu, 3 Juni

Leo Mzee wa Leza, mkuu wa chumba cha hadubini, ametangaza kwamba anastaafu. Ufunguo wa chumba unatafuta bwana mpya! Mkurugenzi amesema Ijumaa tunapokea wageni, na atakayewaonyesha picha safi zaidi ya ngozi ya mtu aliye hai ndiye atakayekabidhiwa chumba. Tupo wawili tu. Mimi, na Bi Taratibu, ambaye kunawa mikono kwake ni shughuli ya asubuhi nzima. Lazima nishinde. Nyumbani wanaamini nilishapewa ukuu wa chumba hicho zamani.

Kazi yenyewe haina maajabu. Hatukati nyama, hatupaki rangi. Mtu anaweka mkono chini ya lenzi, leza inapiga mapigo mafupi ya mwanga usioonekana, na vilivyomo ndani ya ngozi vinang'aa vyenyewe. Seli kijani, nyuzi za kolajeni, zile zinazoishikilia ngozi isilegee, bluu. Kisha kompyuta inakisia umri wa ngozi. Nitatumia mkono wangu mwenyewe. Mkono wa kijana wa miaka thelathini na tisa! (Hiyo ndiyo miaka ninayoitaja kazini. Cheti cha kuzaliwa kina maoni yake.)

Jumanne, 4 Juni

Wenzangu walipokwenda kula nikajifungia na leza. Nyuzi zangu za kolajeni zimekatikakatika kama mkeka wa zamani. Katikati ya picha, nywele tatu nene zimelala kama magogo. Kompyuta ikakisia miaka sitini na moja. Upuuzi mtupu! Nikarekebisha vioo vya leza. Sitini na nne. Nikaacha kurekebisha.

Ile picha ya kwanza nimeihifadhi bila jina. Huenda ikafaa.

Jumatano, 5 Juni

Hila ya kwanza. Nimejipaka krimu ya usiku ya mke wangu, ile ya bei mbaya, inayoahidi kurudisha ujana. Sikubana matumizi. Kumbe krimu nayo inang'aa! Skrini nzima ikawa ukungu mweupe, na krimu nyingine ikaganda kwenye lenzi. Bi Taratibu akaisafisha bila kununa, akauliza kama kuna mtu aliyejipaka kitu. Nikasema ni vumbi. Akasema ni mara yake ya kwanza kukutana na vumbi linalonukia waridi. Simpendi yule mama. Halafu akapiga picha mkono wake mwenyewe, na picha ikatoka safi. Imeniuma hadi sasa.

Jioni mke wangu akauliza nani amemaliza krimu yake. Nikamtazama mama yake, aliyekuja kututembelea. Nilitazama tu.

Alhamisi, 6 Juni

Wazo! Mama mkwe amekula chumvi nyingi, lakini maisha yake yote amevaa mikono mirefu. Jua halimjui. Ngozi ya namna hiyo ni mali! Ila kumwomba mkwe akunje nguo mbele yangu ni aibu, basi nikamtuma mke wangu. Jibu likarudi kwamba atakuja kwa furaha, maana siku nyingi anatamani kuona mahali ambapo mkwe wake ni mkuu.

Hila ya pili, ya kumaliza kazi. Ile picha yangu ya miaka sitini na moja nimeiandika jina la Bi Taratibu. Yake nimeificha. Kesho wageni watalinganisha wenyewe.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika haya nikiwa bafuni. Mlango nimeufunga kwa ndani.

Mama mkwe alifika amependeza. Alipoweka tu mkono chini ya lenzi akaanza kusimulia habari za jirani yake, na kila habari ilihitaji mkono. Picha ikacheza, ikachanika mistari mistari. Nikamwambia atulie. Akaniuliza tangu lini mkwe anamwamuru mama yake. Wageni wakacheka. Bi Taratibu akavuta kiti, akamwamkia vizuri, akamwomba wapumue pamoja polepole. Mama mkwe akatulia tuli.

Na picha ikatokea! Nyuzi za bluu zimejaa, zimejipanga, na vivuli vya chembe za damu vikipita kimoja kimoja kwenye kimshipa chembamba. Kwa dakika ile nilisahau hila zote. Kompyuta ikakisia miaka hamsini. Mama mkwe ana sabini.

Ningeishia hapo! Badala yake nikawakaribisha wageni walinganishe na kazi ya mwenzangu, miaka sitini na moja. Bi Taratibu akaitazama ile picha yenye jina lake. Akakunja mkono wa koti, akaonyesha ngozi isiyo na unywele hata mmoja, akauliza zile nywele tatu ni za nani. Mkurugenzi akaniomba nami nikunje mkono. Chumba kizima kikainama kutazama.

Mama mkwe akasema, tena kwa sauti, kwamba yeye alimwoza binti yake kwa kijana, hakujua amempa mzee kumzidi yeye.

Ufunguo akapewa Bi Taratibu palepale. Mama mkwe akauliza kwani haukuwa wangu.

Jumatatu, 10 Juni

Kuanzia leo nasafisha lenzi kila asubuhi, na Bi Taratibu anakagua. Mama mkwe ameahirisha safari, maana ameombwa arudi kupigwa picha nyingine. Yeye na Bi Taratibu wanaitana mama na mwanangu. Mimi ananiita mzee mwenzangu, na jana sebuleni alinipisha kiti.

Nimekaa nikatafakari kwa kina. Nimepitia kila hatua, na katika mpango wangu sioni kasoro yoyote. Kilichoniangusha ni nywele.

Mwezi ujao kuna wageni wengine. Asubuhi hii nimenyoa mikono yote miwili mpaka mabegani, kwa wembe wa mke wangu. Ameuliza nani ameufanya butu.

Nimemtazama mama yake.