Wagonjwa Arobaini Wanatosha

Jumatatu, 3 Machi
Ijumaa kamati ya utafiti inaamua nani ataongoza jaribio la dawa ya kiharusi. Mimi, au Yasinta wa takwimu. Yasinta anataka wagonjwa mia sita. Anadai dawa inasaidia kidogo tu, na msaada mdogo hauonekani kwa watu wachache. Fikra za kikarani. Mimi nimeandika kwamba itaponya karibu wote. Hesabu ikashuka yenyewe hadi arobaini. Ameniuliza hayo ya kuponya karibu wote nimeyatoa wapi. Nikamwambia ana imani haba.

Jumanne, 4 Machi
Sasa kipimo cha kupona. Yasinta anataka kila mgonjwa afuatwe nyumbani baada ya miezi mitatu, mitaani Nkuhungu na Chang'ombe, hadi vijijini, aangaliwe kama anaoga, anavaa na kutembea bila kushikwa. Na anayepima asijue nani alipewa dawa. Ujasusi mtupu. Mimi nitauliza swali moja: habari za afya? Akijibu nzuri, amepona. Hata kwa simu inawezekana.

Jumatano, 5 Machi
Nimekijaribu kipimo kliniki, kwa wagonjwa ambao bado hawajapewa dawa. Wa kwanza mzee Mazengo, kutoka Bahi. Mdomo umepinda, kabebwa na wanawe wawili. Nikamwamkia shikamoo, nikauliza habari za afya. Akasema nzuri tu, daktari, ila huku kulia kote hakuna kitu. Nikaandika: nzuri. Binti yake, Loisi, akauliza mbona ya huku kulia siandiki. Nikamweleza kwamba sayansi haitaki maneno mengi. Akasema basi hiyo sayansi ije kesho asubuhi imvalishe baba suruali. Ndugu wa wagonjwa wana midomo.

Wote wamejibu nzuri. Hata aliyekuwa analia. Sijawahi kuona kipimo kisichoyumba namna hii.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeisomea kamati matokeo. Wakainamisha vichwa. Nikadhani ni heshima. Yasinta akasema hongera, Dokta Ambokile, dawa yako imewaponya wote na chupa haijafunguliwa. Mwenyekiti, Mama Evelina, akauliza kama walioikosa dawa nao watajibu nzuri, tutajuaje imefanya kazi. Nikasema waliopewa watajibu nzuri sana. Wakacheka wote, hadi aliyekuwa akigawa chai. Jaribio kapewa Yasinta, na mia sita zake. Mimi nimepangiwa kuzunguka majumbani kuangalia nani anaoga mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi
Nimelitafakari kwa utulivu. Kipimo hakina kosa. Kosa ni la wagonjwa: wana adabu kupita kiasi. Naandika pendekezo jipya, la wagonjwa wasio na adabu. Hao hawafichi kitu.

Kumi wanatosha.