Kuni za Bi Enid

Clive Pennifold alikula kwa kugonga milango ya vikongwe wa Lewes, mji mdogo wa Uingereza, na kuwanunulia samani za kale kwa bei ya kutupa. Kazi hiyo takatifu ina kanuni moja: kitu unachokitaka usikitazame, wala usikiguse. Ukikigusa tu, mwenyewe anashtuka na bei inapaa.

Jumanne moja ya mvua alifunguliwa mlango na Bi Enid Tapsell, mjane wa miaka themanini. Jicho la Clive likatua kwenye meza ya kuchezea karata, imewekewa chungu cha maua. Rosewood! Ndugu wa mpingo, ya enzi za Malkia Victoria, mistari myeusi juu ya wekundu. Kwenye maduka ya Brighton haipungui pauni elfu tatu. Basi akaipa mgongo.

"Lo, mama! Kabati gani hili!" Lilikuwa kabati la droo nne, la mbao hafifu, limepinda upande. "Nakupa mia nne."

"Mia nne, hilo? Marehemu alilinunua mnadani akiwa amelewa."

"Marehemu alikuwa na jicho, mama. Nakuachia hamsini za arubuni, nitalifuata kesho na gari kubwa."

"Aa, mwanangu. Zote, mkononi. Kesho naweza nikafa. Chai unatia sukari?"

Clive akapapasa mfuko. Mia nne alikuwa nazo, ila zilikuwa za mkewe, Maureen, aliyezidunduliza miaka miwili kwenye kopo la biskuti ili waende Hispania. Alizichota asubuhi ile bila kuaga. Lakini elfu tatu, jamani! Angezirudisha kabla kopo halijafunguliwa. Akalipa.

"Na haka kameza," akasema huku anatazama dari, "kameliwa na bungua. Nikupunguzie taka, nikafanye kuni?"

"Chukua tu. Mungu akuzidishie."

Garini akaipindua meza. Uvunguni mbao ilikuwa nyeupe pe! Akakwaruza kwa ukucha, wekundu ukabanduka. Maskini, kanuni yake imemponza. Akarudi mbio, anatweta.

Bi Enid akafungua, brashi mkononi, vidole vyekundu.

"Mama, meza hii imepakwa rangi!"

"Najua, nimeipaka mimi. Miaka arobaini nilikuwa kiwandani, napaka mbao nyeupe zifanane na rosewood. Kwani kuni siku hizi zinachagua rangi?"

Bi Enid akaelekeza brashi ndani.

"Au umefuata kabati lako?"

Angefanyaje? Akalifunga kamba juu ya gari, akaenda nalo nyumbani polepole, mvua inalinyeshea. Alipolishusha sebuleni, Maureen alikuwa amesimama pale na kopo tupu. Hakupiga kelele. Alilizunguka kabati, akavuta droo ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

"Clive, mume wangu," akasema, "Hispania umeiweka droo gani?"