Ombi la Kuzimwa kwa Kandili la Mume Wangu

Kwa Wanakamati wa Mstari wa Mwisho,
Mbio za Sleji za Mbwa,
Nome, Alaska.

Ndugu Wanakamati,

Poleni na baridi, na poleni na mimi. Naitwa Verna Kiktuak, mkazi wa Koyuk. Siku kumi na moja zilizopita nilipanda ndege ndogo kuja kumtazama mume wangu, Clarence, akimaliza mbio. Wenzake thelathini na wawili wameshafika, wameoga, na wengine wameshaanza kudanganya kuhusu safari yao. Yeye bado. Naomba kwa unyenyekevu mlizime lile kandili mnaloliacha likiwaka juu ya tao la mstari wa mwisho mpaka dereva wa mwisho afike na kulizima mwenyewe. Sababu zangu ni hizi:

1. King'ora. Kinalia kila dereva anapokaribia, na kikilia mji mzima hutoka mbio. Mara ya kwanza kilinikuta na povu kichwani. Nikatoka nalo, likaganda. Mara ya tisa nilikuwa kwenye bingo, nimebakiza namba moja, na msoma namba naye akakimbia. Nimewapigia makofi waume za watu mara thelathini na mbili.

2. Wifi yangu Bernice, ambaye nalala sakafuni kwake. Wiki iliyopita, kila akinimiminia chai aliuliza, "Wifi, kaka yangu anavutwa na mbwa au kawabeba mgongoni?" Siku nyingine akasema, "Si uolewe na yule wa kwanza? Mwenzio keshafika." Nikanywa tu, maana chai ni yake.

3. Mwenendo wa Clarence mwenyewe. Kwenye kituo cha Shaktoolik alisimama siku nzima kumtengenezea mjane mmoja jiko. (Nimeulizia. Mjane ana miaka themanini na minane, kwa hiyo sina neno.) Kwenye kituo cha White Mountain, sheria yenu inataka mbwa wapumzike kwa muda wa saa nane. Clarence ana mbwa tisa, akampa kila mmoja saa nane zake, kwa zamu. Nilipompigia simu alisema, "Mke wangu, wanaokimbia ni wao, mimi nimesimama tu nyuma. Nitawaharakishaje?"

4. Kandili lenyewe limeanza kunuka mafuta ya sili wa baharini na kufuka moshi mweusi. Mbwa wa mtaa mzima wamekaa chini yake wakitazama juu. Ni aibu kwa mji wenye heshima.

5. Upepo. Tangu juzi pwani haionekani kwa theluji inayopeperushwa, na hakuna aliyemwona Clarence tangu aondoke White Mountain. Mnaniambia, "Mama, mzee anaijua njia." Nimeishi naye miaka arobaini na mmoja, huyo akienda kutafuta soksi hupotea. Naogopa, sitaficha.

6. Kandili likizimwa, mbio zimekwisha. Mbio zikiisha, hakuna tena wa kungojwa. Asiyengojwa hajachelewa, na asiyechelewa amefika. Basi mkilizima leo saa kumi jioni, saa kumi na moja Clarence atakuwa jikoni kwa Bernice akivua viatu. Mimi sioni kasoro hapo. Kama nyinyi mnaiona, ling'oeni tao, mlipeleke huko aliko, apite chini yake, mrudi naye.

Nisalimieni mpiga king'ora, wapishi wa karamu ya kesho, daktari wa mbwa mwenye ndevu, na Bernice, ambaye najua ataisoma barua hii kabla yenu.

Ni mimi, niliyechoka kupiga makofi,
Verna Kiktuak

N.B. Nimesikia sasa hivi kwamba mmeshakata shauri kulizima kandili kesho, kabla ya karamu. Mafuta yenu yaliisha Jumatano. Hayo yanayonuka ni yangu, niliyokuja nayo ya kulia samaki mkavu. Kila asubuhi napanda kuyajaza, na Bernice ananishikia ngazi. Tangu upepo uanze hanitanii tena. Imebaki chupa moja, na ngazi yenu tumeificha. Barua itupeni. Kandili msiliguse.