Mama Mkwe, Gari Bovu na Kiboko

Wandugu, heshima yangu imebaki kando ya ziwa. Mimi nimerudi nyumbani bila hiyo.

Mnanijua. Mimi ni yule Mkikuyu wa viatu vya mitumba pale sokoni Kibuye, mume wa Akinyi. (Tuseme nusu mume. Mtoto tunaye, lakini mahari bado sijapeleka kwao Bondo.) Ndiyo maana mama yake alipokuja kututembelea nilikosa usingizi. Wazee wa kwao wanangoja neno lake. Akisema mimi si mtu, basi nimekwisha.

Tena kwao Wajaluo mkwe hazoeani na mama mkwe. Humshiki mkono. Humtazami machoni. Kula mbele yake usithubutu. Akinyi alinifundisha haya yote, na kwa vile nilikuwa na hofu, nikaongeza mengine yangu.

Leo tukaamua kumpeleka kula samaki ufuoni, nje kidogo ya mji. Akinyi akakaa mbele na mimi. Nyuma akakaa binti yetu Shiru, wa miaka sita, pamoja na nyanya yake, ambaye yeye humwita Dani. Nikawasha gari, nikatazama kioo cha ndani, nikakutana na macho ya mama mkwe! Nikakigeuza upesi kikatazama dari. Vioo vya pembeni msiniulize. Kimoja kiling'olewa na mkokoteni, na kingine huonyesha mawingu tu.

Hatukuwa tumetoka mjini vizuri gari likaanza kukohoa. Mara joto limepanda, mara gari limezima, mara nashuka kuongeza maji. Mama mkwe hakuwahi kuzungumza nami moja kwa moja tangu afike, kwa hiyo akapitia kwa binti yake. "Mwambie huyo bwana yako gari yake ni mgonjwa." Nikamjibu Akinyi amwambie Mama ni vumbi tu. Kati yangu na huyo Mama kulikuwa na kiti kimoja.

Tulifika. Nikaegesha kando ya mafunjo, penye kivuli. Wenzangu wakala samaki mezani kama watu. Mimi nilikula nyuma ya jiko la hoteli, nimesimama, kuku wananitazama. (Ugali niliusahau mezani. Sikurudi kuuchukua.)

Jioni ikaanza kuingia. Tulipokuwa tunapanda gari, mwenye hoteli akatuita kwa upole. "Msikae sana hapo kwa hayo matete. Hiyo ndio barabara ya viboko."

Nikatia ufunguo, nikaweka rivasi, nikakanyaga mafuta. Akinyi akaniambia niangalie nyuma. Nyuma kuna mama mkwe! Nitageukaje? Nikarudi hivyo hivyo, nikimwamini Mungu, hadi magurudumu yakazama kwenye tope na mkia wa gari ukaingia ndani ya mafunjo. Injini ikazima. Nikajaribu tena ufunguo. Likalia tik, likanyamaza.

Ikabidi kusukuma. Akinyi akashika usukani, kwa kuwa ndiye anayejua kuibembeleza ile klachi. Shiru akabaki ndani. Mimi nikaenda nyuma, nikapandisha suruali na kujikaza kiume. Ghafla nikaona mtu amevua viatu, amefunga leso kiunoni, amekuja kushika kona ya pili. Mama mkwe. Nilitaka kumwambia arudi garini, lakini mtu wa kupitishia ujumbe alikuwa kwenye usukani.

Tukasukuma, migongo yetu ikiwa upande wa ziwa. Gari likasogea kidogo, likarudi. Tukasukuma tena. Ndipo nikasikia mafunjo yakivunjika nyuma yangu, na kitu kikatoa pumzi nzito yenye harufu ya tope.

Sikumbuki kuruka. Nakumbuka kutua. Nilipofungua macho nilikuwa mgongoni kwa mama mkwe. Mikono shingoni mwake, miguu kiunoni, viatu vyenye matope juu ya gauni lake la kanisani!

Kiboko alikuwa amesimama pale pale, mkubwa kuliko gari langu, anatutazama. Mama mkwe hakutikisika. Alisogea pole pole pembeni, akampisha, akasimama. Mimi nilikuwa nasali kwa Kikuyu. Sicheki hapa, niliogopa kufa. Niliwaza nani atamlea Shiru. Kiboko akainamisha kichwa akaanza kula nyasi, na alikula bila haraka yoyote. Hakuna aliyethubutu kutembea wala kusema. Na mimi nikiwa nimebebwa.

Kutoka ndani ya gari nikasikia kasauti. "Mum, mbona Baba amebebwa na Dani?" Akinyi akamziba mdomo.

Ndipo mama mkwe akanisemesha kwa mara ya kwanza. "Baba Shiru," alisema taratibu, "unaninyonga. Legeza shingo."

Nikalegeza. Hatimaye kiboko akashiba, akageuka, akaingia majini. Sikushuka.

"Ameenda," akasema. "Shuka sasa."

"Mama, una uhakika?"

(Ndiyo. Nilimuuliza hivyo.)

Nilipoinua macho, hoteli nzima ilikuwa imesimama nje, simu juu, wakirekodi. Walitusaidia kulitoa gari kwenye tope na kulisukuma mpaka likawaka, wakituaga kwa adabu ambayo sikuipenda. Njia nzima nilikuwa nawaza wale wazee wa Bondo, na hofu ya kiboko ikaonekana afadhali.

Tulipofika nyumbani mama mkwe akaenda moja kwa moja chumbani na simu. Nikamsikia akiongea Kijaluo, sauti ya juu, na jina langu ndani yake. Nikakaa mlangoni. Akinyi alikuwa anasikiliza, leso ameijaza mdomoni kuzuia kicheko.

Nikamuuliza mama anasema nini.

"Anaongea na wazee," akasema. "Anawaambia watoto wake wote aliwabeba mgongoni, na huyu amembeba leo. Ati ng'ombe wa mahari wakuje tu, huyu ni mtoto wake."

Basi, nimekubaliwa rasmi. Ukinikuta Kibuye kesho, tafadhali jaribu kiatu, nunua, uende zako kimya.