Rangi ya Kijani, Mlango wa Kumi na Nne

Jumatatu, tarehe 6
Nafika bwenini na ndoo yangu, nakuta mlango wa chumba namba kumi na nne umeandikwa matusi. Rangi nyekundu. Eti mwenye chumba arudi kwao. Binti mwenyewe hana neno na mtu, kosa lake kwao ni mbali. Sanduku limeshafungwa, Ijumaa anaondoka. Nikamwambia, mwanangu, mbwa akibweka mwenye nyumba hahami. Hakucheka.

Akaja mwenyekiti wa serikali ya wanafunzi, kijana mwembamba kama mpini wa fagio. Anasema wako upande wa binti. Alhamisi wataandamana kwa amani, kimya kabisa, bila kumtusi mtu. Akanisihi, shangazi, mlango usiuguse mpaka mkuu wa chuo auone. Nikaapa.

Jumanne, tarehe 7
Nimeufuta. Mkono ulienda wenyewe. Miaka kumi na tisa mkono huu ukiona uchafu haungoji ruhusa. Na binti alipita ameinamisha kichwa, roho ikaniuma. Mlango unang'aa. Ndipo nikakumbuka kiapo. Mkuu anakuja kesho saa nne.

Jumatano, tarehe 8
Nimepata akili. Maneno nayakumbuka yote, nimeshawahadithia watu kama thelathini. Stoo kuna kopo la rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka madirisha. Saa mbili, watoto wote darasani, nikaanza kuyarudisha mlangoni. Niko katikati nasikia mtu anakohoa. Mama Mwiko, mpishi wa kantini, yule anayesema mdomo wangu hauna mfuniko. Akageuka, akaondoka zake. Kufika saa tatu chuo kizima kinajua mwandika matusi ni mimi.

Saa nne mkuu akafika, akauliza brashi ya nani. Nikaeleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyokunja uso. Nikaiona kazi inaota mbawa. Mara binti akatoka na simu yake. Kumbe alipiga picha tangu Jumatatu, na mwenyekiti anayo. Akamwambia mkuu, huyu siye, rangi ya wale ilikuwa nyekundu. Halafu akasoma mlango. Akaniuliza, shangazi, mtu anayetukana anaanza na "Samahani mwanangu"?

Sasa ningeanzaje? Siwezi kumvamia mtu hivi hivi.

Akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Alhamisi, tarehe 9
Mwenyekiti kaniweka mstari wa mbele, bega kwa bega na binti, watu waone. Ombi lake moja tu, shangazi, kimya. Kutoka bwenini hadi mlingoti wa bendera sikufungua mdomo. Taya zinauma mpaka sasa. Mama Mwiko pembeni yangu, kimya, machozi yanamtoka. Na mimi yalinitoka, ila yangu ni ya taya.

Binti kanishika mkono njia nzima. Jioni nimepiga deki chumbani kwake. Sanduku liko juu ya kabati, tupu.

Ijumaa, tarehe 10
Mwenyekiti kahutubia. Kasema neno baya kwenye mlango wa mtu ni jiwe, na anayeandika leo kesho ataandikiwa. Nimepiga makofi mpaka viganja vimewaka. Maneno ya kushika hayo.

Kopo la kijani limebaki robo. Mlango wa jiko la Mama Mwiko ni mweupe, hauna hata doa. Nitaandika kidogo tu, kwamba chai yake ni maji ya kusuuzia vikombe. Hiyo si chuki, ni ushauri.

Na nitaanza na samahani.